Umepasuliwa mgongo na kidole bado kina ganzi? Hujaibiwa

Hii lawama imerudi tena wiki hii. Mteja kapasuliwa, maumivu ya mguu yameisha, ila kidole gumba cha mguu bado kina ganzi, basi anasema tumemla hela. Hapana jamani, tuelewane.

Kazi yetu sisi tunaopasua mgongo ni kuutoa mshipa wa fahamu kwenye mbano. Diski, yaani ule mto laini ulio kati ya pingili za mgongo, ikichomoza, mara nyingi kule chini kiunoni kati ya pingili ziitwazo L4 na L5 au L5 na S1, inaukandamiza mshipa unaoshuka mguuni, ndo maana moto unausikia kuanzia takoni hadi unyayoni. Tunatoa kile kipande kilichochomoza, sio diski nzima, na ikibidi tunapunguza na mfupa unaobana. Maumivu ya mguu ndo hutangulia kuondoka, ganzi inachelewa, maana mshipa ulioumia ndani unaota kama milimita 1 tu kwa siku, sasa pima mwenyewe toka kiunoni mpaka kidoleni, na ukikaa kwenye mbano muda mrefu kuna ganzi haiishi kabisa. Maumivu ya kiuno chenyewe hatumuahidi mtu.

Kinachotuuma ni wanaokwepa gharama kwa vidonge na kukandwa wakati mguu umeshaanza kulegea. Mzee mmoja dereva alikuja unyayo unaburuta miezi, tukatoa mbano vizuri kabisa, maumivu yakaisha, unyayo haujanyanyuka hadi leo.

Halafu MRI za zamani, zile picha za kipimo zinazoonyesha diski na mishipa! Dada mmoja alileta ya mwaka juzi eti asilipie nyingine, tukakataa, akanuna kweli. Mpya ikaonyesha kipande kimeshanyonywa na mwili, tukampeleka fiziotherapi, hakupasuliwa. Wengi wenye diski hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila kisu na tunawaambia hivyo hivyo, hatupasui ili tupate hela.

Na bei, ndani yake kuna daktari wa usingizi, hadubini, na eksirei ya palepale thieta, chumba cha upasuaji, kuhakiki pingili kabla hatujagusa mfupa. Kuna mtu alituomba turuke hiyo eksirei ili ipungue. Haturuki, pingili zinafanana, ukikosea moja umempasua mtu bure.

Ila mkojo ukigoma kutoka, au ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni, usitupigie kuulizia bei, nenda emajensi ya hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.