Usahihi wa asilimia 98 katika miradi ya wanafunzi uchunguzwe

Mhariri,

Kila msimu wa kutetea miradi ya mwaka wa mwisho, idara za sayansi ya kompyuta hupokea ripoti zinazodai kuwa modeli, yaani programu inayojifunza kutokana na mifano, imetambua ugonjwa wa mimea au miamala ya ulaghai kwa usahihi wa asilimia 98. Kabla ya kumpongeza mwanafunzi, msimamizi amuulize: data uliigawanya lini, ya kufunzia modeli na ya kuipimia?

Kosa kubwa huanzia hapo. Mwanafunzi ana picha 1,000. Anazizungusha na kuzipindua mpaka zinafika 5,000, ndipo anazigawa, asilimia 80 za kufunzia na 20 za kupimia. Picha moja na nakala zake zilizogeuzwa huangukia pande zote mbili, na modeli inatahiniwa kwa maswali iliyokwisha kukariri majibu yake. Inatakiwa kugawa kwanza, kisha kuongeza nakala upande wa kufunzia peke yake. Mmea mmoja ukiwa na picha kadhaa, zote zikae upande mmoja. Hata wastani unaotumika kuziweka namba za data kwenye kipimo kimoja ukokotolewe kutokana na data ya kufunzia tu.

Wapo wanaogawa vizuri, halafu wanajaribu mipangilio 20 tofauti ya modeli na kuripoti ule uliofanya vyema kwenye data ya kupimia. Kwa kuchagua hivyo, data hiyo ni kama imekwisha kutumika kufunzia. Ziwepo sehemu tatu: ya kufunzia, ya kuchagulia mipangilio, na ya kupimia, ambayo ni heri msimamizi aishike mwenyewe hadi mwisho.

Tena usahihi peke yake haitoshi. Katika miamala 1,000 yenye ulaghai 20, programu inayojibu "salama" kila mara hupata asilimia 98 bila kunasa mwizi hata mmoja! Ripoti iseme katika hiyo 20 imenaswa mingapi, na mingapi halali imesingiziwa.

Masharti haya yatashusha namba nyingi, na zishuke. Aliyepata asilimia 74 kwa njia safi, akaeleza modeli yake hukosea picha za namna gani na kwa nini, amefanya utafiti na apewe alama zake. Kanuni za mradi zidai pia msimbo, matoleo ya maktaba za programu na namba ya mbegu iliyotumika kuchanganya data (namba ya kuanzia inayofanya data ichanganyike vilevile kila mara), ili mtahini aweze kuirudia kazi yote kwenye kompyuta yake kabla ya siku ya utetezi.

Mhadhiri wa sayansi ya kompyuta