Barua kutoka Maskati: yule binti wa nyumbani kwa Naamani

Maskati, Ijumaa usiku

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Bibi mfikishie shikamoo yake. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa ajili yake, lakini nimesikia miwani imevunjika, kwa hiyo atakayesoma ni mdogo wangu. Haya, mdogo wangu, soma kwa sauti na usiruke mstari, hata ukifika kwenye mambo yako.

Mie mzima. Joto la huku msilinganishe na la kwetu. La kwetu lina upepo wa bahari. Hapa ukifungua mlango saa sita mchana ni kama umefunua chungu. Pesa nimempa huyu mama wa Jang'ombe anayeileta barua, riali 50, akishabadilisha atawapa mkononi. Za mabati hazijatimia, najua.

Sasa nianze na la bangili ya dhahabu aliyonipa Bi Mkubwa, huyu mzee ninayemtunza, maana ndilo lililowafanya mkae kimya wiki nzima.

Mdogo wangu aliniandikia, "Dada, kakupa kwa mkono wake, kwa hiari yake, wewe ukaenda kuirudisha. Dhahabu ile ingeezeka nyumba yote na choo." Kweli ingeezeka. Nisidanganye, mama: kabla ya kuirudisha nililala nayo chini ya mto siku tatu. Nilishapiga na hesabu, bati ngapi, mbao ngapi, fundi kiasi gani. Siku ya nne nikampelekea binti wa Bi Mkubwa. Akasema "Aya," akaiweka kabatini, akafunga ufunguo. Basi. Hapakuwa na ahsante wala zawadi. Mlipouliza kama nilipata chochote, jibu ndilo hilo.

Lakini niwaeleze kwanza huyu Bi Mkubwa ni nani, maana kwenye simu sikumaliza. Kazaliwa Unguja, umri wake na wa Bibi ni mmoja. Aliondoka na wazee wake baada ya Mapinduzi ya 1964, wakatangatanga, na Sultan Qaboos aliposhika ufalme 1970 wakaja huku kama walivyokuja wengi wa Unguja na Pemba. Kiswahili chake ni kile cha mjini cha zamani, mie naona haya kusema mbele yake. Alichokula asubuhi hakumbuki. Ila ukimwambia akutoe Malindi akupeleke Mkunazini, atakutajia vichochoro kimoja kimoja, nyumba ipi ina baraza pana, nani akikaanga bajia pembeni. Nyumba yao ilikuwa karibu na kanisa letu. Jioni huniuliza kama kengele ya Mkunazini imeshapigwa.

Na huniita Yaya. Mwanzoni nilidhani ananiita kwa kazi yangu, mpaka binti yake akanieleza kuwa mama yake alilelewa na yaya, mwanamke mweusi kama mimi, na sasa akili imerudi kule, ananiona mie ndiye yeye. Bangili ananipa mie, lakini anayempa ni yule. Sasa ningeivaaje, mama? Ningekuwa nimepokea deni la mwanamke ambaye hata kaburi lake silijui.

Hapo ndipo iliponirudia ile hadithi aliyokuwa akitusimulia Bibi, ya Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma aliyeponywa kwa neno la nabii Elisha, Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Skuli ya Jumapili tulikuwa tukiigiza, mnakumbuka? Mdogo wangu alikuwa Naamani siku zote kwa sababu alikuwa na sauti kubwa, akizama mara saba kwenye kanga ya buluu. Sote tulitaka kuwa Naamani au Elisha, na waliokosa walikuwa farasi. Yule binti mdogo aliyetekwa na Washami akawekwa kumtumikia mke wa Naamani, hakuna aliyetaka kuwa yeye. Ana mstari mmoja tu: laiti bwana wangu angekuwa kwa yule nabii aliyeko Samaria, angemponya ukoma wake. Akishasema, anatoka. Kila mara mie ndiye niliyepewa kwa sababu nilikuwa mfupi.

Sasa nimekuwa yeye kweli, ndiyo maana nimemsoma tena.

Kwanza, hana jina. Jemadari anatajwa kwa jina, na Elisha, na Gehazi mtumishi wa Elisha, na hata mito ya Dameski inatajwa, Abana na Farpari. Yeye hana. Nikamkumbuka yule bibi yake Bibi, aliyeshushwa kutoka kwenye jahazi lililokamatwa baharini, akapelekwa Mbweni kulelewa na wamisionari pamoja na wasichana wengine waliokombolewa. Alibatizwa akapewa jina la Kizungu, nalo ndilo tunalolitaja kwenye misa ya marehemu. Jina alilopewa na mama yake huko bara alikotekwa halijui hata Bibi. Nilipokuwa mdogo nikipita pale mbele ya altare Mkunazini, penye duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, nilikuwa nikilikwepa nisilikanyage, kwa kuwa tuliambiwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Soko la watumwa la pale lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mambo haya tumeyakariri tangu utotoni mpaka yamekuwa kama maneno ya kuwaambia watalii. Huku nimeyasikia mwilini.

Pili, na hili ndilo linalonisumbua: kwa nini alisema? Mtu amekutoa kwenu, kakufanya mtumwa wa mkewe, kisha ukoma umemkamata. Angenyamaza, nani angemlaumu? Ningekuwa mie ningefagia zangu na kusema Mungu si Athumani.

Nalisema hilo kwa kuwa nyumba ya kwanza niliyofikia huku, kabla ya hii, sikuwaambia yote. Nilikuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa saba usiku, simu wamechukua, siku ya mapumziko hakuna, chakula ni kilichobaki. Siku moja mke wa nyumba ile alianguka ngazini akavunjika mkono. Nilimwinua, nikampigia kelele mumewe, nilifanya kila kilichotakiwa, lakini moyoni nilifurahi, mama. Nilifurahi kabisa. Nikapika siku ile nikiimba. Padri akiuliza, hilo nimeshaungama. Kuwaombea wale watu nimejaribu, na mpaka leo sala ikifika kwao inakwama kooni. Kwa hiyo msidhani nawahubiria. Yule binti mdogo kanipita mbali.

Huyu Bi Mkubwa wa sasa, kumpenda si kazi. Kazi ni kumwogesha. Hapo ndipo Naamani anapokuja mwenyewe. Maji ya bomba huku ni ya bahari yaliyotolewa chumvi, naye hayataki. "Haya siyo maji, Yaya. Niletee ya kisima." Nitayatoa wapi maji ya kisima? Anakunja uso, anageukia ukutani, anasema hataoga mpaka yaje. Naamani naye alipoambiwa akaoge Yordani alisema hivyo hivyo, kwani mito ya kwetu Dameski si bora kuliko maji yote ya Israeli, akaondoka kwa hasira. Na tazama, hata pale waliomtuliza ni watumishi. Nikajifunza kwao, sibishani. Najaza ndoo jikoni, narudi nahema kama niliyetoka mbali, nasema, "Bi Mkubwa, nimeyateka sasa hivi." Anaoga. Nusu ya uongo huo naamini Mungu atanisamehe, na nusu nyingine nitajibu.

Akishaoga namsaidia kutia udhu, namtandikia msala, naye huswali amekaa kitini. Mie namgojea nje ya mlango na rozari yangu mfukoni. Binti yake aliniuliza kama sioni tabu. Nikamwambia kwetu Unguja tumekaa mlango kwa mlango, futari ya jirani imenilea mie kama uji wa mama. Tangu siku ile ananiruhusu Ijumaa mbili kwa mwezi niende Ruwi, kwenye ule uwanja wa makanisa uliojengwa kwa ardhi aliyoitoa Sultan. Ibada kubwa ni Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Wahindi, Wafilipino, Wahabeshi, kila watu na saa yao. Sisi wa Kiswahili tuko kama kumi, tunasimama nyuma na kuimba sauti ya pili.

Narudi kwa mdogo wangu. Uliniambia nimtazame Yusufu, kwamba kauzwa na ndugu zake kwa vipande ishirini vya fedha na bado akawa mkubwa Misri, kwa hiyo Mungu akikufungulia mlango usiufunge. Sawa. Lakini ndugu yangu, mbona katika Biblia nzima unamtaka Yusufu tu? Yule binti hakuwa waziri wa mtu. Jemadari alipona, akarudi na mwili kama wa mtoto mchanga, akapakia na udongo wa Israeli mzigo wa nyumbu wawili. Aliporudi nyumbani je, alimwambia binti ahsante? Alimrudisha kwao? Haikuandikwa. Nimesoma mpaka mwisho wa sura nikitafuta, nikaikuta habari ya Gehazi.

Na Gehazi ndiye aliyenitoa bangili chini ya mto. Hakuiba. Alimkimbilia Naamani, akaomba talanta moja na mavazi mawili, na mwenyewe Naamani akamsihi achukue talanta mbili. Kapewa kwa mkono, kwa hiari, kama unavyosema wewe. Najua mfano hauendi mpaka mwisho, kwa kuwa yeye alidanganya kwamba katumwa na Elisha, na mie sikuomba kitu. Lakini siku ile ya pili binti mwenye nyumba aliniuliza, "Bangili ya mama umeiona?" nami nikasema nitatazama. Nitatazama! Nayo iko umbali wa hatua nne. Usiku ule sikulala kwa sababu ya neno hilo moja.

Basi sikilizeni na kichekesho. Bi Mkubwa alilia kuikosa mkononi, binti yake akamrudishia. Wiki ya pili akanipa tena, amenifumbata vidole juu yake, "Yaya, usimwambie mama." Nikairudisha. Sasa imekuwa desturi, Jumatatu napewa, Jumanne narudisha, na binti yake siku hizi hucheka, akatia na chai tukanywa pamoja jikoni. Mshahara ni ule ule.

Mama, kuna jambo moja naomba. Bi Mkubwa anataka kilua, lile ua la kwetu la harufu. Asumini huku ipo, naye anaisukuma, anasema hiyo si yake. Msimu ukifika mtafutieni Darajani, vifungwe kwenye kitambaa hata vikikauka, harufu itabaki. Mpeni mtu yeyote anayekuja huku. Msilipe kwa hizi riali 50, hizo ni za mabati. Nitatuma nyingine mwisho wa mwezi.

Bibi namwomba aniombee, na awaombee na wale wa nyumba ya kwanza, kwa kuwa yeye kooni hakumkwami.

Mdogo wangu, umefika mwisho. Mpe Mama barua aiweke ndani ya Biblia, usiitie mfukoni mwa suruali.

Ni mie mwanenu.