Maalim Seif aandikwe kwa ukamilifu

Ndugu Mhariri,

Kila Februari magazeti yetu humkumbuka marehemu Maalim Seif Sharif Hamad kwa chaguzi na mivutano tu. Inaniuma, maana vijana wanaletewa nusu ya mtu.

Huyu mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, alishika chaki kabla ya siasa. Akawa Waziri Kiongozi wa Zanzibar 1984, akafukuzwa CCM 1988, kisha akawekwa kizuizini hadi 1991. Mwingine angetoka na kisasi kifuani. Yeye, Novemba 2009, aliingia Ikulu kuonana na Rais wa Zanzibar, Amani Karume, halafu akapanda jukwaani kuwaambia wafuasi wake kwamba chama chao cha upinzani, CUF, sasa kinamtambua Karume kuwa Rais. Baadhi yao wakamzomea palepale. Hakurudi nyuma. Kura ya maoni ya Julai 2010 ya kuunda serikali ya pamoja ikapita kwa zaidi ya asilimia 66, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikazaliwa. Kwangu mimi, ujasiri wa mkutano ule wa hadhara unazidi kampeni zake zote.

Naomba waandishi wenu wawatafute aliowafundisha pale Shule ya Sekondari Fidel Castro, Pemba, wawahoji wangali hai. Wengi sasa ni wazee.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba