Barua kwa Dada Anayeuguza

Mpendwa dada Zuhura,

Natumai barua hii itakukuta salama, na mama naye ana nafuu. Ama baada ya salamu, nimesoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama pale unaposema kwamba kidole ulichojikata kwa kisu mwezi juzi bado hakijafunga, na kwamba watu wanakuambia unajidekeza. Hujidekezi, dada.

Mwaka 1995, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Marekani walitoboa ngozi ya mkono, tundu la milimita 3.5 tu, kwa wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa waliopotewa na kumbukumbu, na kwa wengine 13 wa rika lao wasiouguza mtu. Majeraha ya wale wauguzaji yalichelewa kupona kwa siku 9 hivi.

Unapokesha kwa wasiwasi, ubongo huiamuru tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huziamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, zikamwaga kotisoli katika damu. Kwa muda mfupi homoni hiyo ina faida, kwa kuwa huizuia kinga isipite kiasi na kuudhuru mwili wenyewe. Lakini ikizidi majuma kwa majuma, hupunguza sitokini, yaani kemikali ambazo seli za kinga huitana kwazo, hivyo seli za kusafisha jeraha hukawia kufika. Mwaka 1948 daktari Mmarekani Philip Hench alimdunga mgonjwa wa baridi yabisi kotisoni, homoni iliyo jamaa ya karibu ya kotisoli, na mtu aliyekuwa hajiwezi akatembea baada ya siku chache. Nguvu ile ile iliyotuliza viungo vyake ndiyo inayochelewesha kidole chako.

Neva nazo, yaani mishipa ya fahamu, zimo. Zile za simpathetiki, zinazouendesha moyo mbio ukishtuka, zimepenya hadi ndani ya bandama, na humo humwaga noradrenalini, kemikali ya neva ya kupeleka ujumbe, jirani kabisa na limfositi, yaani seli nyeupe za kinga, ambazo zina vipokezi vya kuipokea. Kwa upande mwingine iko neva ya vagasi, itokayo ubongoni hadi tumboni: mwaka 2000 mtafiti Kevin Tracey na wenzake walionyesha kwamba panya wakisisimuliwa neva hiyo, sitokini zinazochochea uvimbe hupungua. Hili ndilo lililonigusa zaidi, maana tulifundishwa shuleni kuwa kinga ni askari wanaozunguka katika damu peke yao, kumbe ubongo umewashika kwa nyuzi.

Sikuambii umwache mama. Ila kotisoli ina ratiba yake, hupanda alfajiri na kushuka usiku, na usingizi unaokatika kila saa huivuruga. Tena, tafadhali kapime sukari, kwa sababu kisukari nacho huchelewesha vidonda, na uchovu usiwe kisingizio cha kutokichunguza.

Nimepanga kuja kukaa na mama usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi, nawe ulale chumba kingine, mlango umefungwa. Nijibu kama siku hizo zinakufaa.

Akupendaye daima,
Rehema