Barua ya wazi kwa vijana waliopiga kelele za "Anyongwe!" nje ya mahakama

Wanangu,

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya mahakama ya wilaya, nikifuatilia mirathi ya ndugu yangu, karandinga la magereza lilipoingia uwanjani na mshtakiwa wa mauaji. Mkalivamia simu zikiwa juu, mkipaza sauti: "Anyongwe! Anyongwe! Mama asaini!" Mmoja wenu alisimama juu ya siti ya bodaboda apate picha nzuri. Mwingine akarusha jiwe. Halikumpata mliyemlenga. Lilimpata mahabusu aliyekuwa nyuma yake, kijana aliyeletwa kwa kesi ya wizi wa mbuzi. Na mlicheka.

Najua kilichowaleta pale. Bibi wa watu amekatwa mapanga jikoni kwake, jioni, akisonga ugali. Mimi pia nilikwenda msibani. Nilimwona binti yake ameketi kwenye mkeka, hawezi hata kuitikia pole. Anayeumia kwa kifo kile simlaumu, na hata anayetamka neno zito siku ya maziko simlaumu.

Lakini shauri lile lilikuja siku ile kutajwa tu. Mahakama ya wilaya haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji, na mshtakiwa haruhusiwi kujibu lolote pale. Upelelezi haujakamilika. Hakuna shahidi hata mmoja aliyekwishaapa. Sasa ninyi mmejuaje kwamba ni yeye?

Mnasema adhabu ya kifo irudishwe. Wanangu, haijaondoka. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu bado kipo: aliyetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia hukumu yake ni kifo, na jaji hana adhabu nyingine ya kuchagua, isipokuwa kwa mjamzito au aliyetenda kosa akiwa hajatimiza miaka 18. Kilichosimama ni utekelezaji. Tangu mwaka 1994 hakuna aliyenyongwa Tanzania. Mkapa amepita, Kikwete amepita, na Magufuli alisema wazi mwaka 2017, siku anamwapisha Jaji Mkuu, kwamba asipelekewe majina ya watu wa kunyonga. Mnachokidai mnaposema "Mama asaini" ni saini ya Rais aliyepo. Basi mjue mnadai nini.

Mimi nilikuwa mzee wa baraza. Kabla ya nywele hizi kuwa nyeupe, nilikaa pembeni ya majaji wa Mahakama Kuu katika vikao vya mauaji vilivyokuja mkoani kwetu, nikisikiliza na kutoa maoni yangu mwisho wa ushahidi. Acheni niwasimulie shauri moja, nalo nitalisimulia kwa urefu, maana ndilo linalonifanya niandike.

Bibi mmoja alikuwa ameuawa, kifo kama hiki cha sasa. Aliyekuwa naye jikoni ni mjukuu wake, mtoto wa darasa la nne. Mtoto akapanda kizimbani akamnyooshea kidole mshtakiwa, akasema, "Ni huyu." Ukumbi wote ukaguna. Mama mmoja nyuma yangu alianza kulia kwa sauti hadi polisi akamtoa nje. Kama kura ingepigwa dakika ile, mshtakiwa yule asingevuka mlango.

Kisha wakili wa utetezi akasimama na kuuliza pole pole, bila kumtisha mtoto. Mlikuwa mnatumia taa gani? Kibatari. Kilikuwa wapi? Juu ya kinu. Huyo mtu alipoingia, kibatari kilibaki kinawaka? Kimya. Kilianguka. Kwa hiyo mwanga ulikuwa wa nini? Wa moto wa jiko. Wewe ulikuwa wapi? Nyuma ya gunia la mkaa. Ulimwona uso? Niliona koti. Jina la huyu mtu ulimtajia nani wa kwanza? Mtoto akamtafuta mjomba wake kwa macho pale ukumbini. Usiku ule alipofika jirani, alisema tu "mtu wa koti". Jina lilikuja siku ya tatu, baada ya kikao cha sungusungu, na lilitamkwa kwanza na mtu mzima aliyekuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na mshtakiwa. Mtoto alilisikia, na katika hofu yake koti likapata uso.

Nataka mlielewe hili vizuri: mtoto yule hakuwa mwongo. Alikuwa anaamini kila neno alilolisema. Mahakama ya Rufani ilisema tangu mwaka 1980, katika hukumu ambayo mawakili wetu wanaikariri hadi leo, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko mwingine wote, na mahakama isiutegemee mpaka kila uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa. Mwanga ulikuwa kiasi gani, umbali hatua ngapi, shahidi alimtazama kwa muda gani, alikuwa anamfahamu kabla au la. Maswali haya yanachosha. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza lolote kati ya hayo pale uwanjani.

Wazee wa baraza wote watatu tulisema hana hatia, na jaji akamwachia huru. Alikuwa amekaa mahabusu miaka, kwa kuwa kesi ya mauaji haina dhamana. Mkewe alikuwa amekwisha kuolewa kwingine, ng'ombe wake wameuzwa. Tulipotoka, umati nje ulitutukana, ukasema tumehongwa. Na aliyemuua bibi yule? Hakutafutwa tena. Jalada lilikuwa na jina, na jina lilimtosha kila mtu. Miaka yote ile tuliyomwangalia mtu asiye na hatia, muuaji alikuwa anakunywa pombe vilabuni kama mimi na wewe.

Mtaniambia, mzee, wapo ambao hatia yao haina shaka. Ni kweli, wapo. Nimewaona, na mmoja alitusimulia alivyolipwa kwa kazi ile kama anavyolipwa kibarua wa kupalilia. Mtu huyo afungwe maisha, na milango ifungwe. Ila sheria mnayoitaka haina mlango wake na mlango wa wengine. Jaji akishasema "una hatia", sentensi ni moja kwa muuaji wa kukodiwa na kwa mwanamke aliyepigwa miaka mingi akamuua mumewe. Mwaka 1994, pale Dodoma, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba kunyonga ni ukatili unaovunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni ukatili, ikasema Katiba bado inairuhusu. Kenya, mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilikataa kifo kuwa hukumu ya lazima. Na mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapa hapa kwetu Arusha, iliiambia Tanzania kwamba kumfunga jaji mikono namna hiyo kunavunja haki ya kuishi. Majaji hao wote hawakuwa na huruma na wauaji. Walikuwa wamesoma majalada.

Wengine mmenijibu kwa Maandiko, jicho kwa jicho. Someni na Mwanzo sura ya 4: Kaini alimuua nduguye, na Mungu akamtia alama ili mtu yeyote asimuue.

Na kitanzi hakikuwalinda bibi zetu. Miaka ya 1970 na 1980 watu walinyongwa nchini, na miaka hiyo hiyo vikongwe waliuawa Usukuma kwa maelfu, kwa kushukiwa uchawi. Anayetumwa kuua usiku hafikirii kifungu cha 197. Anafikiria kama kuna atakayethubutu kumtaja.

Hapa hasira yangu inawaacha ninyi na kuwageukia wakubwa, nikiwemo rika langu. Macho ya bibi tuliyemzika yalikuwa mekundu kwa moshi, si kwa uchawi. Amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe tangu akiwa binti, ndani ya jiko lisilo na dirisha, na hakuna aliyemtobolea dirisha. Mganga aliyepiga ramli akasema "adui yako ni mama mzee, yuko jirani" bado ana kibao barabarani. Wanaogombea shamba la mjane wanajulikana, mwenyekiti anawajua, padri anawajua, sheikh anawajua. Mpelelezi mmoja ana majalada yanayojaza meza na pikipiki isiyo na mafuta. Wakili anayepewa mshtakiwa na serikali mara nyingi anamwona mteja wake kwa mara ya kwanza asubuhi ya kesi. Mwaka 2009, wenzetu wenye ualbino walipokuwa wanawindwa, Waziri Mkuu Pinda alisema wauaji wao nao wauawe, kisha akalia bungeni alipokuwa anajieleza. Machozi yale niliyaelewa. Lakini taifa lisilotaka kumnunulia mpelelezi mafuta halina haki ya kujiona limetenda haki kwa kununua kamba.

Kuna na hili. Kibaka anapokamatwa sokoni, ni nani huleta tairi? Sauti zilizosema "anyongwe" nilizitambua, na baadhi ya wazazi wenu nawajua. Mnapojizoesha kuhukumu kwa kelele, siku moja atashikwa mdogo wako, amevaa koti linalofanana na la mtu.

Basi yafuatayo nawaomba, na mengine siyaelezi kwa sababu mnayajua. Futeni video zile. Aliyerusha jiwe ajitokeze kwa familia ya kijana aliyepasuliwa kichwa. Msimtaje mtu msiyemwona. Mliyemwona, mtajeni polisi mapema, kabla hamjakaa kikao cha kukumbushana.

Na kubwa kuliko yote, binti wa marehemu. Hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda kwake tangu matanga yaishe. Nilikwenda juzi. Analea watoto watatu na analala na taa ikiwaka, kwa sababu yeye ndiye shahidi wa kwanza na waliomtuma muuaji, kama walikuwepo, bado wako kijijini. Nauli ya kwenda Mahakama Kuu hana. Bodaboda mnazo. Pangeni zamu ya kulala karibu na boma lake, na siku ya kesi mpelekeni, ingieni naye ndani, zimeni simu, msikilize ushahidi tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, halafu mrudisheni kwake kabla ya giza.

Mzee wenu wa baraza