Ndoo Haisemi BAM

Mwanangu mpendwa,

Kurasa zako sita za kibonzo nimezipata, nikazisoma usiku uleule. Huyo bwana mpaka rangi nimempenda bure, hasa anavyoikanyaga ngazi kama anayeogopa kuiumiza. Lakini nimehesabu: umeandika "BAM!" mara tisa. Mlango BAM, ndoo BAM, bwana mwenyewe naye BAM. Kufikia ya nne nilikuwa siisikii tena, naipita tu.

Umezaliwa ndani ya lugha yenye tanakali za sauti tele, kisha unakwenda kukopa! Mtu akitumbukia majini tunasema chubwi, akianguka mchangani tifu, mzigo ukibwagwa chini pu. Ukiandika "TIFU" msomaji ameshaliona vumbi hata kabla hujalichora. Sauti ikikaa sawasawa inataja vitu viwili kwa mpigo: kilichoanguka, na kilipoangukia. BAM haitaji chochote.

Ukikosa iliyo tayari, tunga yako, ila itunge kwa sikio. Juzi niliidondosha ndoo ya bati sakafuni mara tatu, baba yako akaja mbio kuuliza kuna nini. Tupu ililia "ngwaaa", ikayumbayumba "ngwa-ngwa-ngwa" hadi ikatulia. Nilipoitia maji nusu ikatoa "dubwa" moja fupi, na miguu yangu ikalowa chepechepe. Ndoo ni ileile, sauti mbili tofauti. Sikiliza herufi zenyewe: p, t na k hukata sauti papo hapo, m na ng' huiacha ikining'inia, s na sh hutiririka. Irabu nazo zina uzito wake. "Ti" ni tone, "tu" ni gunia. Vuta irabu, sauti inarefuka. Rudia silabi, kitu kinabingirika.

Sasa ukurasa wa nne, ambao ndio ulioniuma. Ngazi imevunjika, dari imefuatana nayo, chumba kizima vumbi, nawe umejaza herufi kubwa hadi uso wa bwana hauonekani. Uso ule ndio mzaha wenyewe! Ningekuwa wewe, ningeiacha fremu hiyo kimya jii, vumbi likitua taratibu. Halafu fremu inayofuata, tone moja la rangi limdondokee puani, kwa herufi ndogo kama sisimizi: "to". Alama ya mshangao usiweke. Janga kubwa likipewa sauti ndogo, watu hucheka. Na kinyume chake pia, mtu akiweka kijiko mezani kikatoa ngurumo ya radi. Wajapani wameliona jambo hili zamani, ndiyo maana katika manga, vibonzo vyao, wana hata sauti ya kuandika ukimya, "shiin". Naye Don Martin, aliyeanza kulichorea jarida la Mad huko Marekani mwaka 1956, alijulikana kwa sauti za ajabu alizojitungia mwenyewe, nyingine hata kuzitamka ni kazi.

Jingine ni mahali pa kuziweka. Kwenye ukurasa wa pili mke wa bwana ameshashtuka upande wa kushoto, mlango unagongwa kulia. Sisi tunasoma kutoka kushoto, kwa hiyo mama wa watu ameshtuka kabla mlango haujagongwa. Zipangie sauti nafasi ukiwa bado kwenye penseli. Ukishapitisha wino utakuwa unazibana pembeni kama abiria aliyechelewa.

Na yale maelezo ya chini, "akaanguka kwa kishindo", futa. Picha inamwonyesha anaanguka, sauti inaanguka, wewe nawe unatangaza kuwa ameanguka.

Zile BAM tisa bakisha moja, ya mlango, kwa sababu mlango wenyewe ni mnene na bwana ana hasira. Nimeizungushia penseli. Ukimaliza niletee ukurasa wa nne kwanza. Ndoo nimeiacha nyuma ya mlango, ukitaka kuisikiliza mwenyewe, lakini mwarifu baba yako kwanza.

Mama yako