Barua kwa mpwa wangu anayeandika Enzi ya Kwanza

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Hadithi yako ya ufalme wa kubuni nimeisoma, na ile ramani nimeipenda kuliko hata vita. Lakini Enzi yako ya Kwanza inanikera, na nakwambia hadharani kwa sababu najua wenzio wanaoandika mambo haya nao wana ugonjwa huo. Kila mtu anaijua! Muuza samaki sokoni anautaja mwaka aliotawazwa mfalme wa kwanza, miaka elfu iliyopita, na mwanachuoni anautaja huohuo. Watu gani hao wasiobishana?

Na wewe ni mtoto wa Pemba. Nenda Mtambwe Mkuu maji yakipwa, uvuke kwa miguu. Hapo mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, vijisarafu vidogo mno, na dinari chache za dhahabu, mali ya karne ya 11. Zile za fedha zina majina ya watawala, na maneno ya upande mmoja yana vina na ya upande wa pili. Mtawala katia shairi kwenye pesa! Sasa muulize bibi yako habari za Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake limo humo. Atakutazama tu.

Muulize habari za Mkama Ndume, yule mtawala katili wa Pujini, hukohuko Pemba, hapo hutalala. Atakuhadithia watu waliobebeshwa mawe ya boma huku wakijisota kwa makalio, na kisima kilichotiwa ukuta kati ili wake wawili wasionane wakiteka maji. Boma lipo kweli, na wachimbaji wanaliweka karne ya 15. Basi mmoja ana sarafu hana hadithi, mwingine ana hadithi na hatujaona sarafu yake. Enzi ya kale ndivyo inavyotufikia, nusu nusu, na nusu zenyewe haziungani.

Halafu hekalu lako. Limesimama miaka elfu bila hata kupakwa chokaa? Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kule Unguja, una maandishi ya Kikufi, yaani hati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla, mwaka 500 Hijria, yaani 1107, ila sehemu kubwa ya jengo ilijengwa upya karne ya 18. Watu wameswali, wamebomoa, wamejenga, wameswali tena. Hekalu lako halina mtu aliyelitumia, ndiyo maana halina ufa.

Mie ningemwachia muuza samaki mfalme katili, tena amzidishie chumvi. Mwanachuoni ningempa sarafu yenye jina asilolijua yeyote, aihangaikie sura nzima. Na lile kaburi la sura ya tatu lifute maandishi. Vijiji viwili vigombee, kila kimoja kiseme aliyezikwa mle ni wa kwao, na wewe mwandishi usiwaamue.

Nisalimie mama yako. Sura ya nne naingoja.

Mjomba wako